Cheti cha Uraia wa Plagi

Napenda kuutangazia umma, kwa unyenyekevu unaolingana na cheo changu, kwamba Idara ya Upatanifu wa Plagi na Soketi imetimiza malengo yake yote. Mimi ni Mkaguzi Mwandamizi Daraja la Pili, na mafanikio hayo niliyashuhudia kwa macho yangu. Wenye midomo mirefu wameshaanza kupotosha, kwa hiyo bora nieleze mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka tulipiga marufuku adapta. Sababu ilikuwa wazi. Soketi zetu zina matundu matatu bapa, plagi za nje zina miguu miwili ya mviringo, na adapta inajipenyeza katikati kuzipatanisha bila kibali. Kupatanisha ni kazi ya Idara. Mwenye kifaa cha nje alitakiwa kwanza kukiombea Cheti cha Uraia wa Plagi, ndipo aruhusiwe kutumia adapta.

Nyumba ya kwanza niliyoikagua ilikuwa ya fundi cherehani, mama wa makamo anayekaa nyuma ya soko. Dada yake aliye ng'ambo alimtumia cherehani cha umeme. Sebule ilijaa sare za shule hadi kochi halionekani. Adapta ilikuwa ukutani, imefungwa uzi mwekundu isilegee.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni adapta tu, baba."

"Imesajiliwa?"

"Imechomekwa."

Mama mkwe wake, aliyekuwa akikunja sketi mkekani, aliinua uso. "Mwanangu, siku hizi hata plagi inaomba uraia?"

"Ya nje tu, bibi. Ya ndani inazaliwa nao."

Fundi alisimama mbele ya soketi. "Shule zinafunguliwa Jumatatu. Watoto thelathini na wanane wananisubiri mimi, na bila sare hawaingii darasani. Niachie mpaka Jumapili, baba, nakuomba."

Nilihisi kitu kifuani. Nikakiandika kwenye fomu, sehemu ya "Mengineyo", kisha nikachomoa adapta na kuondoka nayo.

Kesho yake, saa mbili kamili asubuhi, fundi alikuwa mlangoni pa ofisi yetu kuomba cheti. Nikampeleka kwa Mkurugenzi, mtu mwenye kitambi cha heshima.

"Vyeti vinachapishwa na mashine maalumu," Mkurugenzi alimwambia. "Ile pale."

Ilikuwa kwenye kona, bado imevaa nailoni.

"Itachapa lini, mkuu?"

"Ikishapata umeme."

"Kwani umeme umekatika?"

"Umeme upo. Mashine imetoka nje. Plagi yake haiingii."

Fundi aliitazama mashine, akamtazama Mkurugenzi. "Basi ipeni cheti, mtumie adapta."

"Vyeti vinachapishwa na mashine," Mkurugenzi alirudia polepole, kama anayemfundisha mtoto irabu.

"Na birika lako je?"

Chini ya meza, birika la kigeni lilikuwa likifoka mvuke, limechomekwa kwa adapta nyeusi.

"Hilo ni la kiofisi."

Fundi akanigeukia. "Baba, hapo nje mmebandika tangazo: raia akiona plagi isiyo na cheti, atoe taarifa kwa mkaguzi. Mkaguzi si wewe?"

"Ndimi."

"Basi natoa taarifa."

Mkurugenzi aliangua kicheko. Mimi sikucheka. Miaka kumi na tisa kazini sijawahi kuruka kifungu. Kifungu cha tisa kinasema jengo la serikali lenye adapta haramu lifungwe kwa lakiri mpaka Idara itoe kibali, na mali za raia zirejeshwe kwanza. Nilimrejeshea fundi adapta yake, akasaini. Nikawatoa watu wote nje, Mkurugenzi akiwa wa mwisho, nikafunga mlango na kubandika lakiri.

"Umerukwa na akili? Fungua!"

"Kibali cha kufungua kinatolewa na Idara, mkuu."

"Idara ni mimi!"

"Idara imefungwa, mkuu."

Akampigia Waziri palepale juani. Nilimsikia akisema "ndiyo, mheshimiwa" mara kumi na moja, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Waziri alikuwa amefurahi. Alisema hatimaye nchi imepata ofisi isiyotumia plagi haramu hata moja, na ili rekodi hiyo isiharibike, isifunguliwe tena. Marufuku nayo, kwa kukosa wa kuisimamia, ikanyamaza.

Jumapili alasiri nilikuwa sebuleni kwa fundi, nikipiga pasi kola. Cherehani kilikuwa kikinguruma tangu alfajiri. Hodi ikapigwa. Alikuwa Mkurugenzi, mkoba kwapani.

"Nimepita kuangalia," alisema, "kama kuna tatizo lolote linalohitaji uongozi."

"Lipo," bibi akamjibu bila kuinua kichwa. "Vifungo mia moja na kumi na nne havijashonwa. Vua viatu, mwanangu, ukae hapa."

Akavua. Akakaa. Bibi akampa sindano.