Msiba wa Kitanga

Jumapili, 8 Agosti 1976

Nimedanganya parokia nzima, na kwa kipaza sauti.

Padri alileta filamu ya Kifaransa ukumbini hapa Kasulu. Akasema mimi, Immakulata, nimesoma Burundi, basi nitafsiri. Nikifanya vizuri ataniandikia barua ya sekondari ya masista. Sikumwambia kwamba Kifaransa changu kiliishia darasa la nne. Niliona haya! Mapazia yakafungwa mchana kweupe. 

Filamu ya huzuni tupu. Mkulima wa Kiafrika, ukame, ng'ombe anakufa, mke anakufa. Mkulima anakaa nje, kimya. Mwisho! Wanasema mbio, sishiki neno. Watu wakaanza kuguna: hawa ni wa wapi? Nikaropoka: wa Kitanga, kijiji jirani, na ni kisa cha kweli tupu!

Wakavuta mabenchi mbele. Nikajiona fundi.

Jumatatu, 9 Agosti

Walioona filamu hawapatani. Mzee Bazilio, jirani yetu, anasema yule bwana ni mjinga: ng'ombe akidhoofu anachinjwa, haachwi afe bure. Mama Zena wa dukani, macho yamemvimba, kamjibu kwamba mtu kafiwa na mke, yeye anawaza nyama! Mwalimu wa shule anasema kosa ni kutotia samadi.

Jambo moja tu wamepatana. Msiba uko Kitanga, hapo hapo, nasi hatujaenda kutoa pole! Leo hakuna aliyeshika jembe. Maharage yanachangwa. Nitatangulia mimi, kwa kuwa ati nyumba naijua.



Jumanne, 10 Agosti

Niyitegeka, tuliyekimbia naye kutoka Burundi, anajua Kifaransa kuliko mimi, na barua anaitaka yeye. Kisimani kaniambia nimfikishie mfiwa salamu zake. Kisha akacheka. Anajua!

Nimepata hila. Nimewaambia wazee kwamba mfiwa, kwa uchungu, amehamia Kibondo. Mbali, nikadhani, yamekwisha. Mzee Bazilio kasema vyema, kuna lori la Kibondo kesho kutwa, nikae mbele nimwelekeze dereva.

Alhamisi, 12 Agosti

Kibondo. Watu kumi na wawili, magunia mawili, mtungi wa pombe ya ndizi. Nimewazungusha sokoni mara tatu huku nikisali rozari. Mara Mama Zena akapiga yowe: si yule! Mzee amekaa peke yake kwenye majani, kitambaa cheusi mkononi. Wakamvamia kwa vilio.

Jina lake Nsengimana, mkimbizi kutoka Burundi kama sisi. Mkewe kazikwa Jumatatu, kweli kabisa! Hana ndugu huku, hakuna aliyekuja. Alilia akinishika mkono, akauliza nani katuambia. Nikamsogezea gunia la maharage.

Mzee Bazilio akamwomba radhi kwa maneno yake juu ya ng'ombe. Mfiwa akauliza: ng'ombe yupi? Mama Zena akamkaripia Bazilio amwache mfiwa, uchungu unasahaulisha. Bazilio akaninong'oneza kwamba kwenye filamu alikuwa mwembamba. Nikasema mashine hukondesha.

Jumapili, 15 Agosti

Padri amesikia habari za Kibondo. Anasema hajaona tafsiri iliyogusa watu hivyo. Barua imeandikwa! Niyitegeka hanisalimii.

Nilipanga foleni ya kitubio. Zamu yangu ilipofika nikaogopa, nikatoka.

Jumapili ijayo kuna filamu nyingine, ya mafuriko, na mtafsiri ni mimi. Safari hii nimejipanga. Hawa watakuwa wa Tabora. Tabora nani atafika?