Ufunguo wa Chumba cha Alhamisi

Jumatatu, 3 Machi

“Mlevi ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba ni mlevi.” Maneno ya shemeji yangu, jana, mbele ya binti yangu. Upuuzi! Mimi nilijua kabla yao wote. Nilijua nikanyamaza, kwa adabu.

Kisa chenyewe: nilikwenda kumwona mjukuu nikiwa nimechangamka kidogo. Nikamnyanyua. Nikayumba. Sikumwangusha! Hilo halisemwi. Binti yangu alimtoa mikononi mwangu kama anayempokonya mwizi mkoba. Sharti lake: niende kikao cha watu wanaoacha pombe, mara nne, bila kuonja. Siku ya nne atakuja na mtoto, na nikiwa mkavu nitampakata. La sivyo, nisahau.

Wiki sita duniani, na babu yake yuko chini ya masharti.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza dada wa duka la dawa vikao hivyo vinapatikana wapi. Kwa niaba ya rafiki. Akasema nimwambie rafiki: Alhamisi, saa kumi na moja jioni, chumba cha nyuma ya maktaba. Tena aache kutafuna pipi za mnanaa, hazimdanganyi mtu.

Nilizitema nje.

Alhamisi, 6 Machi

Watu saba, viti vya plastiki, birika lenye mbonyeo. Mkubwa wao ni Fundi Saa, mkavu miaka kumi na mmoja, na haachi kuitaja. Kila mtu husema jina lake na siku zake bila pombe, basi. Mimi nilikuwa na kurasa tisa kuhusu historia ya ulevi tangu zama za kale. Kwenye ukurasa wa tatu mama mmoja, mshonaji, akanikata: “Profesa, tumekuuliza umekunywa lini, hatukuuliza nani aligundua.” Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Nimewasahihishia tangazo la mlangoni. Makosa matatu. Miaka ishirini na tano nasahihisha chapa kiwandani, hakuna aliyewahi kunishukuru. Hawa nao vilevile.

Alhamisi, 13 Machi

Ushindi! Wamenikabidhi ufunguo wa chumba. Mmoja tu, hakuna mwingine. Eti ni desturi yao: mwenye siku chache kuliko wote ndiye hufungua mlango na kuchemsha chai. Fundi Saa akajitia kueleza: yeye akikosa, kikao kinaendelea, mimi nikikosa, wote wanabaki nje. Kwa hiyo nitakuja.

Hoja ya kitoto. Ukweli ni kwamba wamemtambua kiongozi. Miaka kumi na mmoja, na mfukoni hana hata ufunguo!

Alhamisi, 20 Machi

Siku kumi na saba. Mikono imetulia. Nimewasomea rasimu ya katiba ya kikundi. Ibara ya kwanza: mwenye ufunguo ndiye mwenyekiti. Kura saba dhidi ya moja, yangu. Fundi Saa akaniambia taratibu kwamba ufunguo si cheo, ndugu yangu, ni kamba tuliyokufunga usizame. Nikamjibu kuwa aliyefungwa kamba huzama haraka zaidi. Akanimiminia chai.

Nimenunua kofia ndogo ya sufu, ya manjano, ya mjukuu. Nyumbani nimefunga kamusi kubwa kwa taulo, nikaipakata, nikatembea nayo sebuleni mara kumi. Sikuyumba hata mara moja.

Alhamisi, 27 Machi

Nilitoka kazini saa tisa. Mapema mno. Nikapita baa, kwa ajili ya hoja tu: mwanamume anaweza kuketi pale na soda. Hoja bila ushahidi ni porojo. Nani yuko meza ya dirishani? Shemeji! Akauliza kama nimekuja kuaga au kuripoti kazini. Nikamwambia anayeikimbia glasi ni mtumwa wake. Mtu huru huitazama usoni. Akasema hata paka wa baa huitazama.

Ilibidi kuthibitisha. Moja, kisha kuacha. Niliacha! Niliacha mara nne.

Mvua ilipoanza kupiga bati nikatazama ukutani. Saa kumi na mbili na robo. Ufunguo ulikuwa mfukoni, pamoja na kofia.

Nilipofika maktaba walikuwa bado wapo, wamebanana chini ya upenu usiotosha. Fundi Saa yuko na shati tu, limemgandia mwilini. Koti lake kamfunika mjukuu wangu. Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililoniudhi. Binti yangu akanisogelea, akanusa, akarudi nyuma. Akaushika mkono wa mtoto, akampungia nao Fundi Saa, akasema: “Muage babu.”

Babu!

Ijumaa, 28 Machi

Nimetafakari asubuhi nzima, na kosa si langu. Nyinyi saba wa nyuma ya maktaba, nasema nanyi. Mlizijua siku zangu ni chache, mkanipa ufunguo pekee. Nani mwenye akili hufanya hivyo? Niombeni radhi, kwa maandishi, bila makosa ya tahajia, kabla ya Alhamisi.

Na wewe Fundi Saa, lile koti limelaliwa na mjukuu wangu. Usilifue. Niletee baani, meza ya dirishani. Nipo kuanzia saa tisa.