Sauti ya Evaresta na Waya wa Kasi

Chonyonyo, Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpendwa Evaresta,

Jumapili unatimiza mwaka tangu ututoke. Wanakwaya wenzako watakuja nyumbani kwa ibada ya kumbukumbu. Nimewaahidi watasikia sauti yako. Imo kwenye ile diski ya nje, nami nimeitunza: mwaka mzima ndani ya chungu cha maharage, katikati ya majivu. Mdudu hakugusa maharage. Angegusa diski?

Nimeichomeka kwenye kompyuta niliyoazima usharikani. Taa ikawaka, ikazima. Kosa ni waya. Umezeeka.

Jumanne, 10 Juni

Jovitus, fundi kompyuta wa hapa, ana waya wa kasi wenye ncha ya buluu. Kumwomba? Mtu aliyetangaza harusini kwetu kwamba koti langu ni la kuazima! (Lilikuwa la kuazima. Kutangaza kulikuwa kwa nini?)

Mpango: nimempelekea mkungu wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, nikasema mchungaji anautaka waya. Akauliza mchungaji yupi. Nikasema yule mrefu. Akasema yule mrefu yuko Bukoba wiki nzima.

Mkungu amebaki nao.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata waya wa kasi Omurushaka! Mwuzaji kaapa unapitisha video ya harusi nzima kabla chai haijapoa. Taa ikawaka, ikazima. Nikanunua mwingine mfupi zaidi, maana njia fupi hufikisha upesi. Kimya kile kile, ila sasa cha kasi.

Mdogo wako Auleria kasema: shemeji, nenda kwa Jovitus, kiburi hakiimbi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda. Jovitus kalitazama tundu la diski, kanitazama mimi. Kauliza: mzee mwenzangu, hii uliichoma mkaani? Akachokoa kwa mswaki, akapuliza. Majivu yakamrudia usoni. Chafya! Kofia ikaanguka.

Kisha akachomeka waya wangu wa zamani. Ule ule! Taa ikawaka, ikabaki.

Ukatokea kwenye kioo cha kompyuta. Ukaniambia, Melkiory, toka hapo mbele, unawaziba wa sauti ya kwanza. Ukacheka. Ukaimba.

Jovitus hakuiokota kofia mpaka ulipomaliza. Akanakili yote kwenye diski ya pili kwa waya wake wa buluu. Chai yangu ilikuwa bado moto. Akasema sauti kama hii haikai mahali pamoja: moja nimpe Auleria akae nayo kwake Bweranyange, na zote ziwe mbali na majivu. Juu ya koti, hakusema neno.

Jumatatu, 16 Juni

Waliimba pamoja nawe, Evaresta! Auleria alitaka turudie mara tatu. Jovitus aliimba besi, vibaya, kwa moyo wote.

Bweranyange ni mbali, diski ya Auleria itasubiri. Nimezitia diski zote mbili chunguni, na nyaya zangu tatu, na ule wa buluu ambao Jovitus aliusahau nami sikumkumbusha. Safari hii nimeongeza majivu. Vitu ni vingi.

Huko uliko, nikumbuke kidogo.

Melkiory wako