Kampuni Isiyopiga Kelele

Jumatatu, 3 Machi

Siri ambayo sijamwambia mtu, hata Shangazi: siwezi kupaza sauti. Si kwamba sitaki. Nikifungua mdomo nimwite mtu aliye mbali kuliko hatua tatu, sauti inarudi ndani kama kichwa cha kobe. Shuleni nilimaliza miaka yote bila kuitika jina langu. Walimu walinihesabu kwa macho.

Na leo nimeanza kazi katika kampuni ya mapazia, ambako kila kitu kinakwenda kwa kelele!

Kwa kweli si kazi bado. Ni majaribio ya wiki mbili. Tuko wasichana wawili na nafasi ni moja, ya karani wa oda. Shangazi ndiye mkuu wa washonaji. Alikwenda kwa Bosi akaapa kwamba nina akili. Nikikosa nafasi hii, napelekwa kulea mapacha wa dada yangu. Wana miaka miwili. Wanang'ata.

Mwenzangu wanamwita Kengele. Alisimama mlangoni mara moja tu akauliza kitambaa cha bluu kiko wapi, akajibiwa kutoka stoo, ng'ambo ya ua. Ilikuwa saa nne asubuhi na tayari ana jina la utani. Mimi wananiita "yule mwingine".

Jumanne, 4 Machi

Nimeshaelewa kazi inavyokwenda. Mpimaji anakwenda kwa mteja kupima madirisha. Mtunza stoo anatoa kitambaa. Mkataji anakata. Shangazi na wenzake wanashona. Mpimaji yuleyule anakwenda kutundika. Basi.

Tatizo ni vyumba. Viko vinne, vimezunguka ua, na hakuna anayenyanyua mguu. Wanapigiana kelele madirishani. Ndoano! Uzi mweupe! Nani kachukua utepe wangu wa kupimia? Wewe umeukalia, babu! Nimehesabu kelele mia moja na tatu kabla ya saa sita. Kumi na tisa kati ya hizo zilikuwa "Mara mbili tayari!" Mmoja akisema hivyo, vyumba vyote vinaitikia, "Tayari!"

Maana yake sijui. Ningeuliza, lakini mkataji alikuwa na mkasi mkononi na watu wawili walikuwa wananitazama. Nimeandika: salamu.

Kengele naye aliitikia "Tayari!" Kujipendekeza tu.

Jumatano, 5 Machi

Bosi amerudi kutoka semina ya siku tatu akiwa na neno jipya: mtiririko wa kazi. Analitamka polepole, kama mtu anayebeba yai. Amechora mishale ubaoni, ukutani na kwenye mlango wa choo. Alituita akauliza nani ana wazo kuhusu mtiririko. Mkataji alisema wazo lake ni kukata. Shangazi alisema mtiririko anaoujua yeye ni wa mafua. Watu wakacheka mpaka sindano zikaanguka.

Mimi sikucheka. Nilirudi mezani nikaandika kurasa nne, nikaziweka juu ya meza yake alipotoka, nikakimbia.

Mpango wenyewe ni kadi. Nyeupe ya vipimo, njano ya stoo, kijani ya kukatia. Pinki ni ya maswali na malalamiko. Kila chumba kina sanduku. Unajaza kadi, unasaini, unaitumbukiza kwenye sanduku la chumba kinachofuata. Kadi za pinki zinakuja kwangu, nami nazifungua Ijumaa. Hakuna kuitana.

Mahali pa kuandika sababu niliandika "kuongeza ufanisi". Sababu ya kweli unaijua. Na nyingine ni hii: kengele isiyo na ulimi ni chuma tu.

Alhamisi, 6 Machi

Amekubali! Ameniita binti mwenye upeo! Mbele ya watu! Nilitaka ardhi ipasuke, lakini kwa furaha.

Amebandika karatasi kila chumba: KIMYA, KAZI INATIRIRIKA. Oda ya kwanza kupita kwenye kadi ni ya zahanati mpya. Madirisha kumi na mawili, kila moja upana wa mita mbili. Inafunguliwa Ijumaa ijayo. Bosi amesema oda hii ndiyo itakayoamua nani abaki kati yangu na Kengele.

Jioni Shangazi aliniuliza kama niliwauliza watu kabla ya kuwapangia kazi yao. Nikamwambia niliwaangalia kwa makini siku mbili nzima. Akasema hata mbuzi huangalia gari, mwanangu, lakini hajawahi kuliendesha.

Wivu upo hata kwenye ukoo.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya! Cherehani tu zinasikika. Nimekaa mezani kama malkia. Kengele amebana midomo, macho yamemtoka. Nilikaribia kumwonea huruma.

Nimefungua sanduku la pinki. Kadi moja tu, ya mtunza stoo. Anaomba idhini ya kupiga chafya. Nimemkubalia kwa maandishi.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi inatiririka. Vitambaa vinatoka stoo kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Rafu mbili ziko tupu! Mtunza stoo anapita amekunja uso, akinitazama, akitazama karatasi ya KIMYA, akinitazama tena. Watu hawapendi maendeleo.

Sanduku la pinki limejaa mpaka kadi moja imechungulia nje. Ni mwandiko wa Shangazi, umepigiwa mistari miwili chini. Sikuisoma. Siku ya kufungua ni Ijumaa, na utaratibu hauna shangazi.

Jumatano, 12 Machi

Wakati wa kula Shangazi aliniuliza hiyo zahanati inatibu watu au tembo. Nikamjibu kwa heshima kwamba mambo ya kazi yana kadi yake. Aliacha kutafuna. Akasema, haya, bosi. Ulitaka kimya, chukua kimya. Akaniongezea mboga bila kunitazama.

Shangazi yangu mwenyewe kaniita bosi!

Alhamisi, 13 Machi

Balaa.

Mpimaji alikwenda zahanati asubuhi na gari limejaa mpaka dirisha la nyuma halionekani. Alirudi saa tano akitembea kama mtu aliyetoka msibani. Alisema pazia la kwanza liling'oa bomba lake, pamoja na kipande cha ukuta. Alisema muuguzi alipita nyuma ya hilo pazia kuchukua mkasi, na kwa muda akawa anasikika lakini haonekani. Alisema yeye ametundika mapazia miaka ishirini na moja na leo ndiyo mara ya kwanza kuzama ndani ya moja.

Ndipo nikaelezwa, na watu watano kwa pamoja. Pazia lazima liwe na upana mara mbili ya dirisha, ili lipate mikunjo. Kuzidisha kunaweza kufanywa na mpimaji, au stoo, au mkataji, yeyote atakayewahi. Atakayewahi anapaza sauti, "Mara mbili tayari!" Wengine wanaitikia ili ijulikane wamesikia na hawatazidisha tena.

Ndiyo hiyo salamu.

Kwenye kadi zangu hakuna mahali pa kuandika hivyo. Basi mpimaji akazidisha, mita mbili zikawa nne. Stoo hakusikia kitu, zikawa nane. Mkataji hakusikia kitu, zikawa kumi na sita. Dirisha la mita mbili, pazia la mita kumi na sita! Na madirisha ni kumi na mawili!

Bosi akaagiza sanduku la pinki lifunguliwe. Mtunza stoo: "Kitambaa kimekwisha. Naomba idhini ya kulia." Shangazi: "Mita 16?? Zahanati au uwanja wa mpira? Nijibu kabla sijashona!" Tarehe ya Jumatatu. Bosi aliisoma kwa sauti, akauliza aliyepaswa kuijibu ni nani. Kila mtu alijua. Nilifungua mdomo nikiri. Kobe.

Kengele hakusubiri. Alibandua karatasi ya KIMYA, akasimama katikati ya ua, akapiga ukelele uliomwamsha mlinzi. Likatwe vipande vinne kila moja! Matatu yanatosha! Mkataji, anza! Washonaji, pindo! Vyumba vyote vikamwitikia kwa mpigo, kama watu waliofunguliwa kamba shingoni. Saa kumi mapazia kumi na mawili yalikuwa tayari. Marefu mengine tisa bado yamelala uani, yamejikunja kama nyoka waliovimbiwa.

Mimi nilishika pini.

Ijumaa, 14 Machi

Zahanati imefunguliwa. Nafasi amepewa Kengele. Walimpigia makofi, na mimi nikapiga, polepole.

Bosi amesema mishale ilikuwa sahihi, ila watu ndio walipinda. Kesho anakwenda semina nyingine.

Shangazi aliingia ofisini kwa Bosi, akafunga mlango. Tulimsikia wote. Alipotoka nilikuwa nimeongezewa wiki moja, chini ya Kengele, kwa sharti moja: kila oda ikizidishwa, nisimame uani niseme "Mara mbili tayari!" kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikishindwa, mapacha.

Kengele aliniambia nisiogope, dada, atanifundisha. Ni kama kumwita mbuzi aliye shambani kwa watu. Alisema kwa upole kabisa. Afadhali angenicheka.

Njiani Shangazi alinishika mkono. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Akafurahi, masikini.

Jumamosi, 15 Machi

Kosa langu lilikuwa hili: kadi zilikuwa chache.

Nimekesha na rula. Sasa kuna Fomu ya Ombi la Kelele. Anayetaka kelele ipigwe anaijaza siku moja kabla: kelele gani, ielekee dirisha lipi, idumu kwa muda gani. Nakala moja kwa mpigaji, moja kwa msikilizaji, moja kwangu. Rangi ya zambarau. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna mstari wa mpiga kelele mbadala endapo mhusika ana udhuru. Hapo nimeshaandika Kengele. Udhuru wangu nimeujaza mpaka Desemba.

Bosi akirudi kutoka semina ataikuta juu ya meza yake. Mishale nimemchorea kumi na saba.

Wewe unayesoma, hili libaki kati yetu. Shangazi asijue. Saini hapa chini kwamba hukuona kitu. Nakala mbili.