Mke wa Shujaa Anakufa Ukurasa wa Pili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimekuwa mwandishi wa riwaya. Umri: arobaini na moja. Kazi: karani wa duka la dawa za mifugo la Bwana Hamud, Migori mjini. Sababu: shemeji yangu Kerosi, mwalimu kule Homa Bay, amechapishiwa shairi katika jarida la kanisa. Tangu hapo, ukweni yeye anaitwa mwandishi na mimi naitwa yule wa dawa ya kupe. Shairi lina beti nne. Riwaya yangu itakuwa na kurasa mia tatu. Tutaona.

Shujaa ni Kapteni Dhoruba. Anatafuta dhahabu ya mgodi wa Macalder iliyoibwa na kufichwa ndani ya mbuga ya Ruma. Anafanana nami, ila ni mrefu na hana bosi. Nimeandika nikiwa nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Nusu ukurasa. Jioni mke wangu Mokeira aliuliza kama nimetengeneza mlango wa choo. Nikasema kesho.

Jumanne, 4 Machi

Kurasa nne. Mke wa shujaa amekufa ukurasa wa pili. Sina chuki naye. Ni ufundi tu: mwanamume mwenye mke hawezi kwenda kutafuta dhahabu bila kueleza anarudi saa ngapi. Nimempa mamba wa mto Kuja. Mistari mitatu, kwisha.

Adui wa shujaa ana shada la funguo, na akiombwa chochote husema hapana mara tatu. Bwana Hamud akapita na funguo zake. Nikafunika daftari. Akanikumbusha kuandika vipimo kwenye chupa ya dawa ya mzee Mniko, mfugaji mteja wetu. Nikaandika haraka, maana Dhoruba alikuwa ametoa bastola.

Jumatano, 5 Machi

Mzee Mniko amerudi na chupa. Penye kipimo cha dawa kwa ndoo ya maji nilikuwa nimeandika: "Usisogee. Risasi ni moja, na ni yako." Mzee hakukasirika. Aliuliza tu, kwa upole, kama ni risasi moja kwa kila ng'ombe.

Bwana Hamud alimwomba radhi, akamwandikia vipimo kwa mkono wake, kisha akanigeukia.

"Bwana Joash, ng'ombe akifa, jina lililo juu ya mlango ni langu. Ukirudia hili utabaki nyumbani."

Nikasema nimeelewa. Nina watoto watatu shuleni, na cherehani ya Mokeira ya kushonea sare za shule haiwezi kuwabeba peke yake. Nimehamishia uandishi saa ya chakula cha mchana. Na saa ya chai. Na wateja wakiwa wachache.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo la kitaalamu. Dhoruba anapigana na chui huko Ruma, na mimi sijawahi kumwona chui wala Ruma. Mpango: nimemwambia Bwana Hamud kwamba wafugaji wa Magunga, hapo karibu na mbuga, wanalilia chanjo ya kuku, na inafaa mtu akachunguze soko. Mokeira nimemwambia natumwa na bosi. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli.

Bosi akakubali. Mokeira pia akakubali, tena upesi mno. Mama yake, Nyakerario, yuko kwetu tangu mwezi jana, na ana rafiki wa kanisani huko Magunga. Nitasafiri naye.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikusudia kumwacha mama mkwe kwa rafiki yake, kisha niteleze hadi kwenye lango la mbuga. Kumbe alikuwa amepiga simu mapema kwamba anakuja na daktari wa kuku. Tulikuta akina mama thelathini wamekaa uani, kila mmoja na kuku wake kwapani.

Sikuwa na chanjo. Sikuwa na chochote ila daftari la riwaya. Nikafungua midomo ya kuku na kutazama ndani, nikitikisa kichwa. Jogoo mmoja mwekundu alinifukuza mara mbili kuzunguka ghala la mahindi. Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini. Nikaandika majina ya watu na idadi ya kuku nyuma ya sura ya kwanza. Jumla: kuku mia sita na kumi na wawili.

Chui sikumwona. Wakati wa kurudi mama mkwe alisema daftari litaloa kwa jasho langu, akalitia kwenye mkoba wake. Ana miwani mipya. Sikulifikiria hilo.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Tulitoka kanisani, Kerosi akaja kula kwetu. Mama mkwe alingoja hadi mboga ikapakuliwa.

"Joash, huyu mwanamke aliyeliwa na mamba, mbona anashona sare za shule?"

Mokeira akaomba daftari. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nikaeleza kwamba ni hadithi tu. Kerosi akasema neno mamba nimelikosea herufi.

"Miaka kumi na minne nimekaa na wewe, baba Nyamusi," Mokeira akasema. "Umenimaliza kwa mistari mitatu. Na bwana yake hatoi hata chozi. Anaoga, anakwenda."

Nikasema mashujaa hawalii. Akainuka akaenda kuosha sahani ambazo chakula chake hakikuwa kimeliwa bado. Nilikaa mbele ya ugali wangu nikajisikia vibaya sana, na si kwa sababu ya Kerosi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetengeneza mlango wa choo. Mokeira amepita mara mbili bila kuutazama. Mchana mzima nimeandika upya ukurasa wa pili. Sasa mke wa shujaa anakufa kwa kurasa kumi na moja, mamba ni wawili, na Dhoruba analia hadi kofia inaloa.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi Mokeira alisoma zote kumi na moja akiwa kwenye cherehani. Alifuta macho kwa kitambaa cha sare. Akasema afadhali. Akanimiminia chai. Kisha akauliza ni nani huyu Kaltum anayempa shujaa maji ukurasa wa kumi na tano, na mbona ameelezwa meno hadi vidole vya miguu. Nikasema ni jina tu. Chai ikarudi jikoni.

Dukani, Bwana Hamud alihesabu kuku wa Magunga kwenye daftari langu, akasema tangu afungue duka hajapata oda ya chanjo kama hiyo. Halafu akageuza kurasa, akamkuta adui mwenye funguo. Nikashika kaunta. Akasoma hadi mwisho, akasema mtu huyo anaendesha kazi vizuri, tatizo lake ni wafanyakazi. Kuanzia wiki hii nitakwenda Magunga kila Ijumaa, na sindano. Mama mkwe amejitolea kunisimamia.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Nimemwambia bosi kwamba kuku wa kisiwa cha Remba, huko ziwani, wako katika hali mbaya zaidi. Amesema nikaangalie. Mokeira nimemwambia ni amri ya bosi. Mama mkwe anaogopa boti, kwa hiyo hatafuatana nami, na daftari litabaki kwangu. Nimemuuliza mara mbili, kwa njia ya mzunguko. Sijui kama Remba kuna kuku. Sijui kuogelea pia, lakini Dhoruba anajua.