Ankara ya Vyerehani

Punguzo alimtambua mteja wake kwa jinsi alivyoshika simu: skrini imemwelekea ofisa wa forodha, kama mtu anayemwonyesha daktari jipu. Ukumbi wa vifurushi ulinuka gundi ya maboksi, na kati ya madirisha matano lilifunguliwa moja.

"Ushuru unakaribia bei ya vitambaa vyenyewe!" mama yule alilalamika.

"Umeagiza mwenyewe mtandaoni," ofisa akajibu. "Anayefuata."

Punguzo akamfuata hadi mlangoni. Shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni, moja ina wino.

"Pole, dada yangu. Wamekukamua bure. Ushuru hautozwi kwenye mzigo, unatozwa kwenye karatasi. Muuzaji akiandika bei ya kutupa, kisha 'vimetumika, vibovu', nani atabisha?"

"Na wakifungua?"

"Mzigo wenye jina langu? Pale ndani wananijua."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Walimjua.

Mama alikuwa fundi wa kushona, na kaka yake aliyeko ng'ambo alikuwa karibu kumtumia vyerehani vinne vya kudarizi.

"Vipya?" Punguzo aliuliza.

"Sasa kaka yangu anitumie vibovu?"

Wakakubaliana jina la mpokeaji liwe la Punguzo. Mpango wake ulikuwa wa kistaarabu, hauna kisu wala matusi. Mwenye jina kwenye boksi ndiye huondoka nalo, na mnunuzi hawezi kwenda polisi, maana itabidi aanze kwa kueleza ankara ya uongo. Kwa njia hiyo Punguzo alikuwa amejipatia simu kadhaa, kigari cha mtoto, na shela moja la arusi lililomsumbua sana kuliuza.

Mzigo ulipofika, mama alimpigia simu.

"Kaka ameutuma kwa malipo ya kupokelea, hautolewi mpaka alipwe bei ile ile ya kwenye ankara. Ila mama mkwe anaumwa, nimesafiri. Tafadhali usiuguse, nitakuja kulipa mwenyewe."

"Ondoa shaka, dada. Muuguze mama."

Bei ya kwenye ankara ililingana na bei ya pikipiki yake. Vyerehani vinne vipya vingenunua pikipiki kumi. Adhuhuri hiyo hiyo akaiuza ile pikipiki, mali pekee nyumbani kwake iliyopatikana kihalali. Mkewe, aliyeitumia kubebea mboga za genge lao, aliuliza kesho atazibeba na nini.

"Gari," Punguzo akamwambia.

Akalipa bei, akalipa ushuru, akafungulia boksi barazani palepale. Vyerehani vilikuwa vinne, vyote vina kutu. Kimoja hakikuwa na gurudumu. Kingine kilikuwa karibu gurudumu tupu.

Maisha yake yote Punguzo alikuwa hajakutana na ankara inayosema kweli. Si ajabu kwamba hii hakuitambua.

Akapiga simu. "Dada, vibovu!"

"Umejuaje, kaka? Si tulisema unisubiri?"

Punguzo akakigeuza kile kisicho na gurudumu.

"Kaka yangu anakushukuru," mama akaendelea kwa upole. "Pesa ameziona. Mwaka mzima alikuwa anatafuta pa kuvitupa."

Simu ikakatika. Punguzo akarudi dirishani na kipande cha kutu mkononi.

"Afande, nina malalamiko. Mzigo huu ni mbovu!"

Ofisa akaivuta ankara, akaisoma taratibu. "Vyerehani vinne, vimetumika, vibovu. Vimepungua?"

"Hapana, lakini..."

"Lakini wewe ulitegemea kitu tofauti na ulichotuandikia?"

Nyuma ya ofisa palikuwa na mlango wa chumba cha mahojiano, na askari mmoja aliyekuwa hana kazi. Punguzo akautazama mlango, akamtazama askari.

"Hapana, afande. Kila kitu kiko sawasawa."

"Weka sahihi hapa." Kisha ofisa akageuka kuwaita wenzake. "Jamani, acheni chai, njooni! Leo tumepata mtu mkweli."

Wakatoka watatu. Punguzo akawapa mkono, mmoja mmoja.