Malalamiko Dhidi ya Terminata Mpya Iliyokataa Kuketi na Diski Yangu ya Zamani

Waheshimiwa Wanakamati wa Viwango vya Nyaya za Kompyuta, popote mkutanapo,

Assalaam aleikum, na msioitikia hivyo, hamjambo. Mimi ni Twalib Zubair, mpiga picha wa pasipoti na harusi hapa Umoja, mtu mpole mpaka nichokozwe. Mmenichokoza.

Jumamosi binti yetu Nasima anaolewa. Mke wangu Lela anataka kitu kimoja tu: picha ya harusi yetu akiwa na marehemu baba yake, itundikwe ukutani siku hiyo. Za karatasi ziliharibiwa na mvua. Zilizosalia zimo kwenye diski kuukuu ya kompyuta yangu, inayotumia waya wa aina ya kale uitwao skazi. Waya huo lazima uwe na terminata, kile kizibo kinachozuia umeme usirudi nyuma kuvuruga habari. Yangu ilikufa. Nikanunua ya toleo jipya kwa Kamene, fundi wa mtaani, akaniapia kwamba itaelewana na vyombo vya zamani. Wapi! Diski haionekani kabisa. Basi:

1. Toleo la zamani hupiga kelele kwa volti nyingi, jipya linanong'ona kwa chache, na bado mmeyapa pini zile zile. Mnawavika sare moja watu wasiosalimiana, halafu ugomvi mnatuachia sisi?

2. Terminata yenu sikuivunjia heshima hata kidogo. Ile ya zamani ilikaa kwenye ncha ya waya, lakini kwetu mgeni hawekwi mlangoni. Nikaisogeza diski, ambayo ni mwenyeji, ikakae huko mwisho, na mgeni nikampa nafasi ya katikati. Ningekuwa na mto ningemwekea.

3. Tangu jana Lela ananipakulia wali bila kunitazama. Hizo ni volti zenu.

4. Kwa hiyo naomba toleo jipya lifutwe duniani kote kabla ya Jumamosi. Hilo likishindikana, tumeni mjumbe aje awaeleze wageni kwa kipaza sauti kwa nini baba wa Lela hayupo ukutani. Biriani atapewa, hatuna kinyongo.

Nisalimieni familia zenu, na mafundi wenu wote, hata aliyechora zile pini.

Nimekasirika kwa adabu,
Twalib Zubair

Baada ya sahihi: Kamene amepita, akafungua kompyuta, akakaa chini kwa kucheka. Kumbe terminata kazi yake ni kukaa mwisho, na pale katikati ilikuwa inaivurugia diski njia. Anasema pia kwamba hii mpya huupima waya kwanza, na ikikuta diski ya zamani, inafuata volti zake bila ubishi. Namba moja hadi nne zifuteni. Mjumbe aje tu ale.

Ameihamishia mwisho wa waya, na picha zimefunguka. Katika moja mimi na Lela tunaitazama kamera, na nyuma ya bega la Lela baba yake anajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Lela ameiangalia sana, kisha akasema, "Alikuwa analia, na mimi sikugeuka." Nimetoka nje kujifanya nasoma mita ya stima, maana Jumamosi zamu hiyo ya baba wa bibi harusi ni yangu.